Spea ya zana kuukuu hutafutwa kwa kipimo

Ndugu msikilizaji, wengi wetu tunaoishi mjini hujifanya hatuna habari na kilimo, lakini simu zetu zinatusuta. Mawingu ya masika yakianza tu kukusanyika, simu nazo huanza kuingia kutoka nyumbani. Mmoja anataka mbegu, mwingine anataka dawa ya wadudu. Na yule mwenye trekta kuukuu ana ombi moja linalomtoa jasho ndugu aliyeko mjini kuliko maombi mengine yote: "Nitafutie spea."

Mimi niliwahi kupigiwa simu ya namna hiyo na mjomba wangu, mkulima wa Kilosa. Baada ya shikamoo na marahaba, akaniambia: "Mjomba, vijembe vitatu vya kaltiveta vimekwisha. Pita Gerezani, waambie unataka vya Ferguson, vile vya zamani. Wanavijua."

Hawakuvijua. Nilizunguka Gerezani na Shaurimoyo kutwa nzima. Kila duka niliulizwa maswali mawili: namba ngapi, na kipimo gani? Mimi nilikuwa na jina tu. Jioni, kwa kuchoka, nikanunua vijembe vitatu vilivyofanana kwa macho na vile nilivyokumbuka kuviona shambani, nikavituma kwa basi. Matundu ya bolti hayakukutana. Fundi wa kijijini akayapanua kwa moto wa gesi, vikafungwa, trekta likaingia shambani. Siku ya pili vilikuwa vimepinda kama vijiko. Kumbe vilikatwa katika bati la chuma laini na kupakwa rangi nzuri nyekundu. Wakati ninaendelea kutafuta vingine, mvua ikashika, magugu yakayapita mahindi, na mjomba akalipa vibarua wa jembe la mkono kwa fedha aliyoiweka kwa ada ya shule.

Tangu siku hiyo nimejifunza jambo moja ambalo leo nataka kukugawia. Spea ya zana kuukuu haitafutwi kwa jina; hutafutwa kwa kipimo. Na ikibidi kutengenezwa, haitengenezwi kwa umbo peke yake. Hutengenezwa kwa kujua chuma.

Kwanza tuelewane kaltiveta ni kitu gani. Plau hupindua udongo, ikaleta wa chini juu. Kaltiveta haipindui. Ni fremu ya chuma yenye meno yaliyoning'inia, ambayo huuchokonoa udongo, huvunja mabonge, na ikipangwa vizuri hupita kati ya mistari ya mahindi ikang'oa magugu. Kila jino lina mguu uliojikunja, na chini ya mguu kuna kijembe kilichofungwa kwa bolti. Ninasema vijembe vya chuma, ndugu msikilizaji, si vile vya taarabu. Katika aina nyingi za zamani, kila jino limeshikwa na springi, ili likigonga kisiki lirudi nyuma badala ya kuvunjika.

Sasa, kwa nini spea za zana hii ni taabu kuliko spea za trekta lenyewe? Jibu ni kwamba trekta lina ndugu wengi, lakini zana yake ni yatima. Chukua Massey Ferguson 135, lililoanza kutengenezwa mwaka 1964. Lilikuwa na injini ya Perkins ya silinda tatu, na lilienea dunia nzima. Viwanda vya India na Pakistani viliendelea kwa miongo kadhaa kutengeneza matrekta ya ukoo huo huo, na kwa hiyo pistoni, pampu na klachi zake zinapatikana. Lakini kaltiveta iliyonunuliwa pamoja nalo huenda ilitoka katika kiwanda kidogo kilichokwisha kufungwa, au muundo wake uliachwa zamani. Hakuna anayeihifadhia spea kwa jina.

Hata hivyo yatima huyu ana bahati moja kubwa. Harry Ferguson, fundi aliyezaliwa kaskazini mwa Ireland, ndiye aliyeleta ule mpango wa kuibeba zana kwa mikono mitatu nyuma ya trekta: miwili chini na mmoja juu. Trekta lake dogo la kijivu, TE20, lilitengenezwa Coventry, Uingereza, kuanzia mwaka 1946 hadi 1956, na yalitoka zaidi ya 500,000. Mpango wa mikono mitatu ukaigwa na wengine wote, na hatimaye ukawa kipimo cha kimataifa. Kwa matrekta madogo, pini za mikono ya chini zina unene wa milimita 22, na ya juu 19. Kwa matrekta ya kati, za chini ni karibu 28 na ya juu 25. Kwa sababu hiyo kaltiveta ya mwaka 1955 inaweza kufungwa kwenye trekta lililotoka dukani mwaka huu, na pini zake ukazinunua bila kuulizwa ilitengenezwa na nani.

Hapo ndipo penye siri. Sehemu nyingi za zana kuukuu hazina upekee wowote. Mtengenezaji alizichukua kutoka katika ghala la vipimo vya kawaida vya ulimwengu. Anayejua kusoma vipimo hivyo hatafuti spea ya kaltiveta. Anatafuta beringi, sili, bolti, na duka lolote la vyuma linamtosha.

Tuanze na beringi. Gurudumu la kaltiveta, lile linalozuia meno yasizame kupita kiasi, huzunguka juu ya beringi. Pembeni mwa beringi pamechorwa namba. Tuseme ni 6205. Chukua tarakimu mbili za mwisho, 05, zidisha kwa 5, unapata 25. Huo ndio upana wa tundu lake kwa milimita. Beringi ya 6208 ina tundu la milimita 40. Hesabu hii hufaa kwa namba zinazoishia na 04 na kuendelea. Lakini usiishie kwenye tarakimu za mwisho. 6205 na 6305 zote zina tundu la 25, ila ya kwanza ina kipenyo cha nje cha milimita 52, na ya pili 62. Ukimtumia mkulima moja badala ya nyingine, umemtumia uzito wa bure. Aidha, baadhi ya mashine za zamani za Uingereza na Marekani zilitumia beringi za inchi, ambazo hazifuati hesabu hii. Hizo nukuu namba yote kama ilivyo.

Sili ya mafuta nayo hujieleza yenyewe. Ikiandikwa 35-52-7, maana yake inakaa kwenye shafti ya milimita 35, ndani ya tundu la 52, na unene wake ni 7. Namba ikiwa imefutika, mtu wa shamba apime vitu hivyo vitatu akutumie.

Kwenye bolti ndiko watu wanakoumia zaidi. Bolti ya nusu inchi ina unene wa milimita 12.7, na bolti ya milimita 12 ni 12 kamili. Kwa macho ni mapacha. Tena zipo bolti mbili za nusu inchi zisizopatana: moja ya mtindo wa Kiingereza wa zamani yenye nyuzi 12 katika kila inchi, nyingine ya mtindo wa Kimarekani yenye nyuzi 13. Nati ya moja huingia kwenye nyingine mizunguko michache, halafu hukwama. Kijana wa gereji hudhani ni kutu, akaongeza bomba kwenye spana, akaua vyote viwili. Dawa yake ni rula ya shule. Ilaze kwenye bolti, hesabu nyuzi katika inchi moja. Kazi ya dakika moja.

Kwa vijembe vyenyewe, kinachotakiwa ni umbali kati ya matundu. Usikisie kati ya tundu. Pima kutoka ukingo wa kushoto wa tundu la kwanza hadi ukingo wa kushoto wa tundu la pili. Kama matundu yanalingana, huo ndio umbali wa kati kwa kati. Na kama tundu limeliwa likawa refu kama yai, pima upande ambao haukuliwa. Kisha kilaze kijembe juu ya boksi gumu, ukizungushe kwa kalamu. Siku hizi kila mtu anapiga picha kwa simu, nayo ni msaada mkubwa, lakini picha isiyo na rula pembeni haina kipimo. Tundu la milimita 10 na la milimita 14 yanalingana kabisa kwenye kioo cha simu.

Ikiwa kipimo kimepatikana na duka halina, basi ni kwenda kwa fundi. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Hata vile vya kiwandani viliundwa na mtu. Mafundi wetu wa Gerezani, kama wenzao wa Kamukunji kule Nairobi, wana uwezo wa kufua kijembe kizuri kabisa. Ila sharti ni kuanza na chuma kinachostahili.

Chuma cha kawaida cha bati nene au nondo kina kaboni kidogo, na ugumu wake hauongezeki vya kutosha hata ukikichoma na kukizamisha mara kumi. Udongo hukila kama sabuni. Majani ya springi za lori yana kaboni karibu mara mbili au tatu zaidi, na hayo ndiyo malighafi ambayo wahunzi wengi hutumia. Lakini springi iliyotupwa mara nyingi imetupwa kwa sababu imechoka, na huenda ina ufa usioonekana. Fundi mwangalifu hupaka mafuta ya taa, hufuta hadi pakauka, kisha hupaka chaki. Palipo na ufa, mafuta yaliyojificha ndani hupanda na kuchora mstari juu ya chaki. Kipande hicho hukiacha.

Baada ya kukata na kukunja kikiwa na moto, fundi hutoboa matundu mapema, chuma kikiwa bado laini. Kisha ndipo hutia ugumu. Hukichoma ncha hadi sumaku isikishike tena, jambo linalotokea karibu na nyuzi 770 za Selsiasi, halafu huongeza moto kidogo hadi rangi iwe nyekundu inayoelekea chungwa. Hapo hukizamisha ncha ndani ya mafuta, si maji. Maji hupoza kwa pupa, na chuma cha springi huweza kupasuka. Mafuta nayo huweza kuwaka, kwa hiyo kazi hii hufanyiwa nje, kwenye ndoo ya chuma yenye mfuniko wake karibu.

Wengi hukomea hapo, na hilo ndilo kosa. Chuma kilichotoka kwenye mafuta ni kigumu kama kioo, na huvunjika kama kioo. Tupa ikipita juu yake huteleza tu bila kung'ata. Lazima kisuguliwe king'ae, kisha kipashwe moto tena polepole hadi rangi ya buluu itokee, karibu nyuzi 300. Kinapoteza ugumu kidogo, kinapata ustahimilivu mwingi. Sehemu yenye matundu ya bolti haikuzamishwa, imebaki laini, kwa hiyo haikatiki pale inapobanwa. Ukimuuliza fundi, "Umekirudisha kwenye moto mara ya pili?" naye akakutazama kwa mshangao, tafuta fundi mwingine.

Yako mambo ambayo hata fundi mzuri asiyafanye. La kwanza ni kuchomelea mguu wa jino lenye springi. Jirani wa mjomba alifanya hivyo. Mguu ulikatika asubuhi ya kwanza, si kwenye kiungo chenyewe, bali pembeni mwake kidogo. Ndivyo inavyokuwa, kwa sababu moto wa kuchomelea ukipoa haraka huacha utepe wa chuma kilichokakamaa kando ya kiungo, na jino la springi kazi yake ni kujikunja mchana kutwa. Ndiyo maana waliolibuni walifunga kijembe kwa bolti.

La pili ni kubadili springi kwa kukisia. Waya wa milimita 12 badala ya 10, mizunguko ikiwa ile ile na upana ule ule, huifanya springi iwe ngumu mara mbili. Mkulima hufurahi kwamba sasa ana springi imara. Kisha jino linagonga kisiki, linakataa kurudi nyuma, na fremu inapinda. Hali kadhalika na zile bolti dhaifu ambazo katika baadhi ya mashine zimewekwa makusudi zikatike. Ukikuta imekatika, usiweke ngumu zaidi. Imekufa ili gia ipone.

La tatu linahusu maisha ya watu. Pini ya kuunganishia zana isitengenezwe kwa kipande cha nondo. Nimekwisha kusema kwamba pini hizi zina kipimo cha kimataifa, zinunuliwe. Na mtu anapobadilisha vijembe, asiingie chini ya kaltiveta iliyonyanyuliwa kwa mikono ya trekta pekee. Mpira wa mafuta ukipasuka, au mtoto akigusa kile kiwiko karibu na kiti, zana yote hushuka kwa pigo moja. Gogo nene liwekwe chini ya fremu kwanza. Hakuna haraka ya masika inayolingana na mkono wa mtu.

Huenda kuna anayesema, haya ni mambo madogo, tungoje matrekta mapya. Ndugu msikilizaji, nchi hii ilikwisha kupata somo hilo kwa gharama kubwa. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango wa karanga, Kongwa ukiwa mwanzo wake. Fedha ilikuwapo, matrekta yaliletwa kwa wingi, mengine yakiwa masalio ya vita. Udongo wa Kongwa, uliokuwa ukikauka na kuwa kama saruji, ulisaga visu vya zana. Mashine zikasimama kwa wingi, na kuzirudisha kazini ikawa kazi nzito kuliko kulima kwenyewe. Mwaka 1951 mpango ukafutwa. Sababu zake zilikuwa nyingi, lakini mojawapo ni hii: mashine bila mpango wa kuitunza ni chuma tu kilichosimama shambani.

Tusisahau pia kwamba tunavyo vyombo vyetu. SIDO iliundwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo. CAMARTEC ilianzishwa Arusha mwaka 1981 kwa ajili ya zana za kilimo na teknolojia ya vijijini. Mkulima mmoja akipeleka kijembe kimoja, ni ombi dogo. Wakulima ishirini wa kata moja, wenye kaltiveta za aina moja na mchoro mmoja, ni kazi ambayo karakana yoyote itaikubali kwa furaha, na bei ya kila kimoja itashuka.

Waswahili walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mwenye zana kuukuu afungue daftari sasa, wakati zana ni nzima. Aandike namba ya kila beringi, nyuzi za kila bolti, umbali wa kila tundu. Achore kijembe kikiwa kipya, maana kijembe kilichokwisha hakiwezi kumwambia fundi kilikuwa kirefu kiasi gani. Nasi tulioko mjini tukipigiwa simu, tusikimbilie mtaani. Tuulize kwanza: namba ngapi, kipimo gani, rula iko wapi?

Mjomba alinielewa. Msimu uliofuata bahasha ilikuja kwa basi, na ndani yake kipande cha boksi kilichochorwa kijembe, vipimo vyote vimeandikwa kwa kalamu ya mwanawe wa darasa la sita. Fundi wa Gerezani alikitazama, hakuuliza swali hata moja. Alifua kumi. Tisa vilifungwa kwenye kaltiveta, na cha kumi mjomba amekitundika ukutani ghalani. Hakitumii. Anasema hicho ndicho baba wa vijembe vyote vitakavyokuja.